Ruta ya Chumba cha Mama

Mdogo wangu wa kiume hasikii. Alipata homa ya uti wa mgongo akiwa bado ananyonya, akapona, lakini masikio hayakurudi. Tulikulia Mbagala, kwa wazazi waliotoka Newala kabla sie hatujazaliwa, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kutufundisha, tulijitengenezea lugha yetu ya mikono. Baadaye alipelekwa shule ya viziwi, akajifunza lugha ya alama inayofundishwa madarasani, lakini akirudi likizo aliiacha huko huko na kuzungumza nasi ile ya nyumbani. Mama alikuwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, vinavyogusa shavu, kwa sababu Mama ana chale mbili shavuni. Mie nilikuwa nywele zinazovutwa. Baba, aliyekuwa mchonga vinyago, alikuwa ngumi inayogonga kiganja. Baba alipofariki tukabaki watu watatu tunaoijua lugha hiyo.

Nayaeleza haya kwanza ili ieleweke kwa nini nilihangaikia intaneti ya nyumbani kama mtu anayehangaikia dawa.

Mdogo wangu alikuwa amepata kazi Dodoma, kwenye karakana ya samani. Mama alikuwa anaishi nami Goba, kwenye nyumba niliyoijenga kidogo kidogo kutokana na kazi yangu ya ukarani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Kiwanja nilikipata bondeni. Ukisimama uani kwangu, nyumba za majirani ziko juu yako pande zote mbili, na mvua ikinyesha maji yao yote yanapita kwako. Nilijua habari ya maji wakati nanunua. Habari ya mtandao hakuna aliyeniambia, na wala sikuuliza. Simu ya kawaida ilishika vizuri tu. Ila ukitaka picha, picha inayotembea, kilima kilikuwa kinakaa katikati yetu na mnara.

Na sie tulitaka picha. Watu wengine wakikosa picha wanaongea kwa sauti, mambo yanaisha. Mdogo wangu ukimnyima picha umemnyima kila kitu. Ujumbe wa maandishi aliandika, lakini kwa ufupi ule ule siku zote: mzima, kazi nyingi, msalimie mama. Mama mwenyewe hasomi.

Kwa hiyo kila Jumapili, baada ya Mama kuswali adhuhuri, nilikuwa natoa kiti cha plastiki na kukiweka nje kabisa, pembeni ya geti, maana pale ndipo mtandao ulipokuwa unashika kidogo. Simu niliiegemeza kwenye tofali juu ya ukuta. Mama alikaa mbele yake na kanga yake begani, akazungumza kwa mikono na ukuta, na wapita njia waliokuwa hawatujui walipunguza mwendo wakatazama.

Jumapili moja, baada ya Ramadhani, picha ilikuwa mbaya kuliko kawaida. Ilikuja vipande vipande, ikaganda, ikarudi. Mdogo wangu alianza kusema jambo. Alisema kazi, akasema mashine, mkono ukapanda kuelekea usoni, na pale pale picha ikasimama. Tulikaa tukiutazama ule mkono uliosimama hewani mpaka simu ikakata yenyewe. Nilipompigia tena hakupokea. Baadaye akaandika kwamba mtandao ni mbovu, tutaongea wiki ijayo.

Mama hakunyanyuka pale kitini.

"Mbona siku hizi anazungumza kwa mkono mmoja?" aliniuliza.

Nikamwambia mwingine ameshikia simu. Mama akasema mtoto wake hajawahi kushika simu wakati wa kuongea, siku zote anaiegemeza kwenye kitu, anaacha mikono yote huru. Nikamwambia labda amehama chumba, hana pa kuiegemeza. Akaniangalia kama ninavyoangaliwa na wateja wangu bandarini nikiwaambia kontena litatoka kesho.

Tangu siku hiyo nyumba ikakosa utulivu. Mama alikuwa anaamka, anafagia uwanja, anaufagia tena. Alikuwa anaanza kuchambua mchele, anaacha ungo mezani, anakwenda getini kutazama njia, anarudi. Nikirudi kazini swali lilikuwa moja tu, kama ameandika. Nikimsomea alichoandika ananiambia hayo si maneno yake, hayo ni maneno ya mtu yeyote. Mie nami nikawa hivyo hivyo. Ofisini nilikuwa nachungulia simu kila mara, nakosea namba za mizigo, bosi ananiuliza kama naumwa. Nilikuwa na hakika kwamba shida ni picha tu. Tukipata picha nzuri, Mama ataiona mikono yote miwili, roho yake itatulia, nami nitafanya kazi.

Nikaanza kutafuta.

Kwanza niliuliza waya. Kuna kampuni ilikuwa imepitisha nyaya zake kwenye nguzo za barabara ya juu, na jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa amevutiwa waya hadi ndani. Alinikaribisha, akaniwashia televisheni nione mpira unavyokimbia bila kukwama, akanipa chai. Nikatoka pale nimejaa matumaini. Nilipopiga simu huko kwenye kampuni wakachukua maelezo ya mahali ninapoishi, wakanirudia kwamba nguzo zao zinaishia kwenye kona, na bondeni wapo kwenye mpango. Nikauliza mpango huo ni wa lini. Yule dada aliyepokea akasema kwa upole kwamba yeye anaambiwa tu kwamba mpango upo.

Kisha nikanunua kile kifaa kidogo kinachoingia mfukoni, chenye laini ndani yake, ambacho muuzaji mmoja Kariakoo alinihakikishia kinafanya kazi hata porini. Nilikifungua mezani Mama akiwa amesimama nyuma yangu. Taa zikawaka, simu ikakiona, nikampigia mdogo wangu kwa majaribio, na picha ikawa ile ile ya getini, labda mbaya zaidi. Nilizunguka nacho nyumba nzima. Nilikiweka juu ya kabati, dirishani, juu ya friji. Nilipanda nacho kwenye ngazi ya tangi la maji, na huko juu mambo yakawa mazuri kidogo, lakini Mama siwezi kumpandisha kwenye tangi. Usiku ule nililala vibaya. Asubuhi nikakiacha kile kifaa kwenye droo na kwenda kazini.

Ni dereva mmoja wa ofisini, mtu wa Kibamba, ndiye aliyeniambia kwamba nyumbani kwake kulikuwa na tabu hiyo hiyo, akapona kwa ruta kubwa yenye antena ya nje. Alinieleza kwamba antena inafungwa kwenye bomba juu ya paa, inatazamishwa kwenye mnara, halafu waya unashuka hadi kwenye ruta ndani. Vile vidogo, alisema, vina masikio mafupi. Nikamwomba anipeleke dukani alikonunua, na mchana wa siku hiyo hiyo tukaenda, kwa sababu sikuwa na subira ya kungoja kesho.

Dukani kulikuwa na ruta za kila namna, nyeupe na nyeusi, nyingine zina antena nne zimesimama. Muuzaji alitaka kunipa ile ya antena nne kwa sababu ndiyo ya kisasa. Nikamwambia sitaki ya kisasa, nataka yenye matundu nyuma ya kuchomeka antena ya nje. Aliposikia nimetaja matundu akabadilika, akaniuliza naishi wapi, nyumba ya watu wangapi, kuta ni za tofali gani, madirisha yana nondo. Akaniuliza pia matumizi. Watu wengi, alisema, wanataka kupakua, yaani kuvuta vitu kutoka mtandaoni, kwa hiyo wanatazama kasi ya kushuka tu. Nikamwambia mie nataka picha iende na picha irudi, mtu aone vidole. Akasema basi kupandisha kwangu ni muhimu sawa na kushusha, na akanishauri nichukue laini ya mtandao wenye mnara ninaoweza kuuona kwa macho, nisifuate tangazo. Nikakumbuka kwamba nikiwa kwenye ngazi ya tangi niliuona mnara upande wa Madale. Nikanunua vyote, pamoja na betri ndogo ya kuishikilia ruta umeme ukikatika, nikaomba fundi wa kesho yake.

Fundi alikuja na bodaboda, ngazi imefungwa ubavuni. Akamsalimia Mama shikamoo, akaingia sebuleni, akaitazama televisheni, na kabla sijasema kitu akawa anapima ukuta wa nyuma yake. Wateja wote, alisema, ruta wanaiweka pale, inapendeza na kila mtu anapata. Nikamwambia mie naitaka chumbani kwa Mama.

Akanitazama. Akaeleza kwamba chumba cha Mama kiko pembeni kabisa, kuta mbili katikati, sebuleni mtandao utafika umechoka. Nikamwambia sebuleni ufike umechoka, jikoni usifike kabisa, ila pale kitandani kwa Mama uwe na nguvu zake zote. Mama, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akitusikiliza, akasema taratibu, "Baba, fanya anavyosema. Kuna mtu nataka kumwona."

Fundi akabeba ngazi yake akatoka nje bila ubishi.

Kazi ya paani ilichukua muda kuliko nilivyofikiri. Alifunga bomba kwenye kona ya nyumba, akafunga antena, akaigeuza kidogo, akapiga kelele kuniuliza taa ngapi. Mie nilikuwa ndani nimepiga magoti mbele ya ruta, nahesabu taa. Mbili. Anageuza. Moja. Anageuza. Zimezima zote. Jasho lilikuwa linanitoka kana kwamba mie ndiye niliyeko juani. Nilitoka nje nikamwambia azungushe upande wa Madale zaidi, akasema huko kuna mwembe wa jirani. Nikamwambia ainue basi bomba. Akaunganisha kipande kingine cha bomba, akalinyanyua juu ya usawa wa mwembe, nami nikakimbia ndani, na taa zikawaka zote, za kijani, zikatulia.

Akashuka, akakaa kitandani kwa Mama na simu yangu, akanionyesha jinsi ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta kwa namba zilizobandikwa chini yake. Akaniambia nibadilishe neno la siri lile la kiwandani, vinginevyo vijana wa njiani watakaa ukutani kwangu wakivuta bando. Akauliza mtandao tuupe jina gani. Mama akasema uitwe jina lisilomtamanisha mtu. Tukauita Bondeni.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Kungoja Jumapili hatukuweza. Nilimwandikia mdogo wangu kwamba Mama ana jambo, apokee. Nikaiegemeza simu kwenye kopo la mafuta juu ya meza ndogo, Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, akatengeneza kanga yake, nikapiga.

Picha ilikuja safi. Niliona ndevu ambazo sikujua amefuga. Niliona vumbi la mbao kwenye kope zake. Nyuma yake kulikuwa na kitanda ambacho hakijapigwa vanishi, na mtu mwingine akipita na ubao. Yeye pia alitushangaa, akatusogelea, akacheka. Mkono wa kushoto ulisema mnaonekana wazi, mmefanyaje. Nikamwonyesha ruta. Akaisifu.

Mama akamwuliza anakula nini. Akajibu, kwa mkono wa kushoto. Akamwuliza kama anaumwa. Akajibu hapana. Kisha Mama akanyoosha mikono yake miwili mbele ya simu, akaigeuza viganja juu, akasema weka simu chini, na wewe nionyeshe.

Akajifanya hajaelewa. Mama akarudia. Akatazama pembeni kama aliyeitwa. Picha ikatikisika, tukaona dari, tukaona bati, ikakatika. Baada ya kitambo kidogo ukaingia ujumbe kwamba mtandao mbovu, umekata.

Niliitazama ruta. Taa zote zilikuwa zinawaka, za kijani, hazijacheza. Mama naye alikuwa anazitazama. Hajui kusoma, lakini habari ya taa ngapi alikuwa ameisikia siku nzima.

"Si mtandao," alisema.

Jioni ile ilikuwa ndefu. Mama alikataa chakula. Mie nilizunguka kutoka chumbani hadi sebuleni na kurudi, nikashika simu na kuiweka. Nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba ile picha mbovu ya getini ilikuwa imemsaidia mtu. Sie tulikuwa tunaichukia, mwenzetu alikuwa amejificha ndani yake, wiki baada ya wiki. Nilimwandikia ujumbe mrefu, nikaufuta. Mwisho nikaandika: Mama anajua kuna kitu. Usimweke hivi.

Alipiga mwenyewe asubuhi, kabla jua halijapanda. Mama alikuwa bado kwenye mswala. Simu ilikuwa imeegemezwa mahali, haikutikisika, na yeye alikuwa amekaa mbali kidogo ili aonekane wote. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani umefungwa kitambaa. Akakifungua taratibu, akauinua.

Kidole cha shahada na cha kati havikuwepo. Msumeno wa mashine ulikuwa umevipitia tangu kabla ya Ramadhani. Kidonda kilikuwa kimeshakauka, ngozi inang'aa.

Alieleza yote. Ubao ulikuwa na msumari ndani, ukaruka, mkono ukafuata. Wenzake walimkimbiza hospitali, tajiri wake alilipia matibabu, akamwambia apumzike, kisha akamrudisha kazini kwenye kupiga msasa na kupaka vanishi. Hakutuambia kwa sababu alijua Mama angepanda basi siku hiyo hiyo. Ile Jumapili alipoanza kusema mashine alikuwa ameamua kusema, picha ilipoganda akaona labda Mungu hataki. Mkono wa kushoto ulikuwa unasema na wa kulia unajaribu kufuata, na maneno mengi yalitoka nusu, kama mtu mwenye jino bovu. Lakini nilielewa yote. Kisha akataka kusema Mama. Akauinua mkono wa kulia hadi shavuni kwa mazoea ya miaka yote, na shavu likaguswa na hewa. Akaushusha mkono. Hapo ndipo alipolia.

Mie nilikuwa nimeshika mlango. Mama hakulia. Alisogea mbele, karibu kabisa na simu, akamngojea anyamaze. Kisha akakunja vidole vyake viwili vya mkono wa kulia, akavibana kwa kidole gumba, na vile vidole viwili vya mwisho vilivyobaki akavipeleka shavuni, kwenye chale zake. Akamwambia kuanzia leo naitwa hivi. Sema.

Alisema. Mama akamsahihisha kidogo, akamwambia tena. Wakaendelea hivyo asubuhi nzima, neno kwa neno, wakitafuta maneno gani yamepotea na yatasemwaje. Mama alibaki amekunja vidole vyake muda wote ili aone mwenyewe lipi linawezekana na lipi haliwezekani. Wakifika mahali pagumu waliniita. Neno la kushona tulilihamisha mkono wa kushoto. Neno la mvua tulilibadilisha kabisa. Katikati umeme ukakatika, feni ikasimama, na ile betri ndogo ikaishikilia ruta bila wao kujua kilichotokea.

Mama alisafiri kwenda Dodoma, kama mwanawe alivyojua angefanya, akakaa huko miezi kadhaa. Nilikuwa napigiwa Jumapili na wote wawili, nimekaa peke yangu chumbani kwake. Tajiri wa karakana nilikuwa tayari kumchukia, lakini Mama alisema ni mtu anayesalimia, na kwamba ameuwekea ule msumeno kikinga ambacho kilipaswa kuwepo tangu mwanzo. Mdogo wangu mwenyewe alisema hataki kurudi Dar. Amezoea hewa ya kule, na vanishi inamkubali mkono. Nilibishana naye Jumapili nyingi. Nilimtafutia hata kazi ya stoo kwenye ofisi yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia yeye ni mchonga mbao mtoto wa mchonga mbao, stoo atafanya nini.

Walikuja pamoja mwishoni mwa mwaka, kwa mapumziko. Nilirudi kazini nikawakuta uani wamekaa kwenye mkeka, wanachambua mboga, wanazungumza. Walikuwa wameongeza maneno mengi nisiyoyajua huko Dodoma, na kasi yao ilikuwa kubwa. Nilisimama nikijaribu kufuata, nikalipata moja, nikapoteza matatu. Mama akaniona, akanipungia niketi, anifundishe. Nikavua viatu nikaenda kukaa nao.